Mtego wa Picha Kando ya Ziwa Nakivale

Msafiri aondokaye Mbarara asubuhi hushika barabara ya Kikagati, akaiacha nyuma pilikapilika ya mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, ambao jina lake husemwa kuwa latokana na nyasi ziitwazo emburara. Mbele yake ni Isingiro, vilima vilivyofunikwa migomba, na ng'ombe wa pembe ndefu wanaovuka njia bila kumjali mwenye gari. Baada ya kama kilometa 60, bonde lafunguka, na ndani ya bonde hilo lalala Ziwa Nakivale.

Makazi ya wakimbizi yaliyo kando ya ziwa hilo ni miongoni mwa yaliyo ya kale kabisa katika Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, yalipowapokea Wanyarwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na wengi wao hupatana bei ya maharage sokoni kwa Kiswahili. Lakini wako wenyeji wengine waliolitangulia hema la kwanza. Hao ni viboko.

Kiboko mchana ni masikio mawili na pua juu ya maji. Jua likizama, hutoka. Mnyama huyo mwenye uzito unaopita tani moja hutafuta malisho usiku kucha, naye aweza kula kama kilo 40 za majani kabla ya kurudi majini. Kiangazi cha Juni na Julai nyasi hukauka, na bustani iliyomwagiliwa karibu na ufuko huwa ndiyo kijani pekee kinachobaki. Asubuhi mwenye shamba hukuta mahindi yamelala chini, na nyayo zake zimekwisha kukanyagwa na ng'ombe waliokwenda kunywa maji. Nani ataamini?

Hapo ndipo kinapofaa kifaa ambacho watu wa Ulaya na Marekani wamekizoea. Ni kamera iliyofungwa ndani ya sanduku dogo, ikakazwa mtini kwa mkanda. Haina kamba wala chambo. Ndani yake mna kipokezi kinachohisi joto la mwili likipita mbele yake. Papo hapo picha hupigwa, kwa mwanga ambao jicho la mtu halioni vema, na chini yake huandikwa tarehe na saa. Wenzetu wa nchi za baridi huitega nyuma ya nyumba majira ya theluji, wakapata paa, mbweha na sungura waliofuata makombo. Huko baridi hudhoofisha betri, lakini mwili wenye joto hujitenga wazi na ardhi iliyoganda.

Nakivale haina theluji. Hata hivyo usiku wa kiangazi katika nyanda hizi, zilizo juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hutaka blanketi, na jambo lile lile hutokea: kamera iliyohangaika mchana kwa sababu udongo una joto sawa na ng'ombe, usiku huona barabara. Fundi mzuri huielekeza kaskazini au kusini, kwa maana karibu na Ikweta jua la asubuhi na la jioni lingeipiga usoni. Hufyeka majani yaliyo mbele yake, la sivyo atarudi kuzitazama picha mia tatu za unyasi unaopepea. Tena huifunga kando ya njia ya kiboko, wala si katikati yake! Adui wengine ni siafu na buibui, ambao huliona sanduku lile kuwa nyumba waliyojengewa.

Ufundi wenyewe si mpya. Mmarekani George Shiras aliwategea wanyama kamera yenye uzi na baruti ya mwanga, na mwaka 1906 gazeti la National Geographic likachapa picha zake 74. Hapa Uganda, taasisi ya Ruhija iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara imetumia kamera za kisasa katika msitu wa Bwindi, zikamnasa hata paka-pori wa rangi ya dhahabu, ambaye ni nadra mno mtu kumwona. Katika Hifadhi ya Ziwa Mburo, jirani wa Nakivale, watafiti waliwahesabu chui kwa madoa yao, kwa kuwa hakuna wawili wanaofanana. Hata katika ua wa nyumba mjini Mbarara, sanduku moja nyuma ya banda laweza kumaliza ubishi wa nyumbani: mwizi wa mayai ni kanu, nguchiro, au ni mtoto wa jirani.

Lakini makazi ya wakimbizi si ua wa mtu tajiri. Waliomo wengi walikimbia bunduki, na wako waliowahi kuviziwa usiku. Sanduku lenye jicho, likifungwa mtini bila neno, huwatia watu hofu. Nao wana haki ya kuuliza lamtafuta nani. Mama aendaye kuteka maji hakukubali kupigwa picha. Askari anayejua maana ya doria atalielewa jambo hili upesi kuliko mtafiti. Kwa hiyo ruhusa ya kamanda wa makazi haitoshi. Hapana budi majirani waelezwe, waonyeshwe picha, na njia za watu ziepukwe.

Faida ipo, nayo si ya kutazamia macho tu. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 imeweka mpango wa fidia kwa aliyeumizwa au kuharibiwa mali na wanyama wa pori nje ya hifadhi, na picha yenye saa ni shahidi bora kuliko unyayo uliofutika. Zaidi ya fidia ni uhai wenyewe. Picha za wiki mbili zikipangwa mezani, saa ya kurudi kwa kiboko hujionyesha: 04:50, 05:10, 04:40. Kwa hesabu ya nyumbani ni kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati ule ule ambao wasichana hushuka na majerikani yao. Kungoja zaidi, hata jua lichomoze juu ya migunga, hakugharimu betri hata moja.