Kioo cha Kushoto

Mji wa Uvira hauna upana. Upande wa magharibi milima ya Mitumba imesimama kama ukuta, upande wa mashariki liko ziwa Tanganyika, na katikati mji umenyoshwa kama utepe toka Kavimvira kaskazini mpaka bandari ya Kalundu kusini. Njia kubwa ni moja tu. Humo hupita malori, pikipiki za kukodi, baiskeli zenye mikungu ya ndizi, mbuzi, wanafunzi wenye mashati meupe, na akina mama wenye mabeseni ya ndagala vichwani. Mwenye kuendesha motokari hapo yampasa awe na macho ya mbele na ya nyuma pia. Habari ya hayo macho ya nyuma ndiyo tutakayowasimulia wasomaji wetu, kama tulivyoiona mwaka 2019.

Yuko mzee mmoja aliyetufundisha hesabu tulipokuwa wadogo. Tangu zamani alikuwa na Volkswagen ya mwaka 1964, ile ya umbo la kobe, aliyoinunua kwa mfanyabiashara aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Motokari za namna hiyo zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 kabla ya kiwanda cha mwisho, huko Mexico, kuziacha mwaka 2003. Na wazee wetu wanakumbuka jinsi moja ilivyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka 1962. Ya mzee wetu haikushindana na yeyote. Ilipeleka maharusi kanisani, ilileta saruji, na katika miaka ya karibuni kazi yake kubwa ilikuwa kumpeleka mkewe hospitali kila Jumanne, maana Mama yule miguu yake ilikuwa imevimba, na kupanda pikipiki kulikuwa mateso kwake.

Mwezi wa Mei mwaka ule pikipiki ilipita karibu mno ikakivunja kioo cha kushoto. Mzee aliona si kitu. Alichukua kioo cha pikipiki akakifunga kwa waya. Kioo kile kilitetemeka daima, na kilichoonekana ndani yake ni mawingu. Majuma mawili baadaye, karibu na daraja la Mulongwe, alikuwa amesimama ukingoni mwa njia. Akatazama kile kioo chake, akaona mbingu njema, akageuza usukani aingie barabarani. Mvulana wa darasa letu alikuwa anakuja nyuma kwa baiskeli. Alitupwa chini, akavunjika mtulinga.

Tulikwenda kumwona mzee jioni ile. Alikuwa ameiegesha motokari chini ya mwembe na ufunguo amempa mkewe. “Mwalimu,” alituambia (tangu tushike chaki hataki tena kutuita kwa jina), “miaka mingi niliwafundisha watoto kuhesabu, na leo sikuweza kumhesabu mmoja.” Akasema hataiendesha tena mpaka ipate kioo chake chenyewe. Mama akasikia, akanyamaza. Jumanne iliyofuata alipanda pikipiki, na aliporudi alilala mchana kutwa.

Wako watakaouliza: kwa nini kioo chenyewe? Si kioo chochote kitaonyesha nyuma? Ni kweli kwamba haja ya kuona nyuma ni ya zamani kuliko vioo vya viwandani. Mwaka 1909 mwanamke Mwingereza, Dorothy Levitt, aliwashauri wanawake waendeshao motokari wachukue kioo kidogo cha mkono, wakiinue mara kwa mara watazame nyuma. Mwaka 1911 Mmarekani Ray Harroun aliweka kioo juu ya motokari yake katika mashindano ya Indianapolis, akashinda. Lakini Volkswagen ya miaka ile ina jambo lake. Kioo chake hakikupigiliwa mlangoni. Mkono wa kioo huingia kwa skurubu katika bawaba ya juu ya mlango, wala bati halitobolewi. Fundi wa kwanza tuliyemwendea alitaka kutoboa mlango matundu mawili na kufunga kioo cha lori. Mzee alikataa. Palipotobolewa, alisema, unyevu wa ziwa huingia, kutu huanza, na baada ya masika matatu mlango huwa kama chujio. Tulidhani ni ukaidi wa uzee. Fundi alipotuonyesha milango ya motokari nyingine alizozitoboa mwenyewe, tulinyamaza.

Basi tukaanza kutafuta. Kwanza tulishuka Kalundu, ambako maboti ya Kigoma hupakua bidhaa zake. Mchuuzi mmoja akaahidi, na baada ya siku kumi akatuletea kioo kizito, cha duara, kilichofungwa katika gazeti. Tulifurahi sana. Mzee akakitwaa, akakiweka juu ya bawaba, akacheka kidogo bila furaha. Mkono wake ulipindia upande usio wake: ulikuwa kioo cha mlango wa kuume.

Sababu yake ni nyepesi, ila sisi hatukuifikiri. Tanzania ilitawaliwa na Waingereza, na motokari zao hushika kushoto, usukani ukiwa kuume. Kongo na Burundi zilikuwa chini ya Wabelgiji. Sisi hushika kuume, na usukani wetu uko kushoto. Kioo cha dereva wa Kigoma ni kioo cha abiria wa Uvira. Na tusidhani kuwa jambo hili ni la motokari kuukuu peke yake. Motokari nyingi za kukodi za Uvira zilitoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam, usukani wake ukiwa kuume. Dereva wake akiwa nyuma ya lori haoni mbele mpaka ameutoa mwili mzima wa motokari katikati ya njia, au abiria wake amchungulie na kumwambia, “Pita!” Sisi wenyewe tumekwisha kufanya kazi hiyo ya kuchungulia, wala hatuitamani.

Mzee akakinunua kile kioo cha kuume hata hivyo. Akasema huenda kitafaa.

Ndipo tukashika njia ya Bujumbura, siku ya Jumamosi mwezi wa Agosti. Kavimvira tulinawa mikono kwa maji ya dawa na kupimwa joto la mwili, maana siku zile ugonjwa wa Ebola ulikuwa umefika Mwenga katika Kivu ya Kusini. Ng'ambo ya mpaka ni Gatumba, nchi tambarare ya majani na maji. Hapa mto Ruzizi hugawanyika kabla ya kuingia ziwani. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji kuuangalia mto huu, maana wazungu walibishana kama unatoka ziwani au unaingia. Waliona unaingia. Wenyeji walikuwa wamekwisha kumwambia Burton hivyo hivyo huko Uvira mwaka 1858. Darajani watu walisimama kutazama viboko. Mzee hakutaka kusimama.

Bujumbura tulikwenda moja kwa moja Buyenzi. Mtaa huo ni wa Waswahili, na yeyote aliyewahi kuharibikiwa na motokari katika nchi zile anaujua. Mbele ya nyumba yamelala mainjini kama ng'ombe wamepumzika. Wavulana wanapiga bati, wengine wanapaka rangi, na Kiswahili kinasikika kila upande. Hapo ndipo tulipoona Toyota ya zamani yenye vioo mbali mbele, juu ya magurudumu. Tulidhani ni pambo, kumbe mpaka mwaka 1983 sheria ya Japani haikuruhusu vioo vya mlangoni.

Tuliulizia karakana sita. Ya saba ilikuwa ya fundi mzee mwenye kofia ya kufuma. Alimkaribisha mzee wetu, “Karibu, kaka,” akampa kigoda, wakaulizana habari za watoto na wajukuu kabla ya kutaja kioo. Kisha akaingia ndani akatoka na sanduku la mbao lenye vioo vya kila namna. Vitatu vilikuwa vya Volkswagen. Cha kwanza kiling'aa sana. Fundi akatupa mkononi: kilikuwa chepesi, na nyuma yake ule mng'ao ulianza kubanduka kama magamba. “Hiki ni cha kuigwa,” akasema. “Njia ya mashimo itakitikisa, na mwezi wa pili utaona mawingu.” Mzee akashtuka kusikia neno lile. Cha pili kilikuwa kizito lakini kioo chake kilitokeza kama jicho la samaki. Kioo cha namna hiyo huonyesha eneo pana, ila vitu huonekana vidogo na mbali kuliko vilivyo. Cha tatu kilikuwa chenyewe, cha kushoto, bapa, chenye madoa meusi pembeni palipoingia unyevu. Bei yake ilipita fedha tulizokuwa nazo. Mzee akavua saa yake. Fundi akaikataa, akapunguza bei, akasema deni litalipwa siku atakapokuja Uvira kula samaki.

Nyumba nyingi tulizozipita jioni ile karibu na Mulongwe hazipo tena. Mafuriko ya Aprili 2020 yalizichukua, pamoja na watu wengi.

Jumapili baada ya Misa tulianza kazi. Kizibo cha bawaba kilikuwa kimegandamana na kutu. Tulikitia mafuta ya taa tangu usiku, hata hivyo kilitoka vipande vipande. Tulisafisha njia ya skurubu kwa kitambaa na mswaki, tukauingiza mkono wa kioo polepole kwa vidole, maana ukianza kombo huharibu bawaba nzima. Nati haikukazwa kwanza. Dereva hukaa mahali pake, mwingine hukigeuza kioo mpaka aambiwe “hapo hapo”, ndipo spana hufanya kazi yake.

Nani asimame nyuma? Tulikuwa tumemwita yule mvulana bila kumwambia sababu. Alikuja na baiskeli, bega lake limekwisha kupona. Mzee akamwomba asimame nyuma, hatua ishirini. Akaonekana. Akaja hatua kumi, akaonekana bado, na mzee akahesabu kwa sauti kama zamani darasani. Alipofika karibu na gurudumu la nyuma, mzee akasema, “Sikuoni.” Tukakigeuza kioo. Akaonekana pale, akatoweka kule mbali. Tulirudia mara nyingi. Kila mara palibaki mahali padogo, kama urefu wa baiskeli moja, ambapo kioo chenyewe cha kiwandani hakikumwona mtoto.

Mzee akashuka, akachora mstari mchangani mahali pale kwa kisigino, akautazama. “Basi hapa nitageuza shingo,” alisema. Akatuambia tukaze nati.

Mama alitoka ndani na ufunguo, akaukabidhi. Na kile kioo cha Kigoma tulikifunga mlango wa kuume siku hiyo hiyo, upande anaokaa yeye.