Kushuka kwa Mbele



Safari hii tunaomba mtuvumilie, kwa maana tutazungumza habari za gari, tena gari kuukuu, na habari za kosa letu wenyewe.

Katika mojawapo ya vigango vyetu alikuwapo katekista mzee ambaye Mungu alimwita miaka mitatu iliyopita. Aliacha mjane, watoto wanne, shamba la migomba, na Volkswagen ya mwaka 1969, ile ya mgongo wa mviringo inayojulikana duniani kwa jina la Beetle. Wazee wetu wanalifahamu gari hilo. Ndilo lililoshinda mbio za magari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi zile mbio zilipopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Injini yake iko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma. Inapozwa kwa hewa, haidai maji ya rejeta. Na tumbo lake ni bapa, limeinuka vya kutosha kupita kwenye matope. Magari zaidi ya milioni 21 ya aina hiyo yalitengenezwa kabla ya kiwanda cha mwisho, huko Mexico, kufunga kazi hiyo mwaka 2003. Kwa gari hilo marehemu alipeleka wagonjwa hospitali, mahindi sokoni, na mapadre kwenye misa za vigangoni.

Mwaka jana mjane wake alitujia ofisini, macho mekundu. “Baba,” alisema, “mtoto anaikata gari ya marehemu. Ameishusha pua, sasa inainama kama inayonusa ardhi. Naomba unisaidie kuongea naye.” Mtoto huyo ni kitindamimba wake, fundi katika gereji iliyo karibu na stendi.

Hatukwenda kuongea naye. Dominika iliyofuata tuliadhimisha misa kigangoni hapo, na Injili ilikuwa ile ya mwana mpotevu (Lk 15). Tulipofika kwenye mahubiri, ulimi ukatuponyoka. Tulisema kwamba wako vijana wanaotumia msumeno kukata jasho la baba zao ili wapendeze barabarani. Hatukutaja jina. Lakini gari lilikuwa nje chini ya mti, pua yake chini, na waamini wote waligeuza shingo. Kijana alitoka kabla ya Nasadiki. Majuma manne hatukumwona tena kanisani.

Tungependa kuwaambia kwamba tulimtafuta kama mchungaji anavyomtafuta kondoo. Ukweli ni kwamba shokapu ya gari la parokia ilianza kuvuja mafuta, tukaelekezwa kwenye gereji ile. Tulimkuta amelala chini ya gari la marehemu. Alitoka, akapangusa mikono, akatusalimu kwa heshima, akanyamaza. Nasi kwa kukosa la kusema tukamwuliza swali ambalo tulipaswa kumwuliza mwezi mzima kabla: “Mwanangu, hasa umefanya nini hapa?”

Akatueleza kwa utaratibu, kama mwalimu. Mbele ya gari hilo hakuna springi za kuzunguka kama tulivyodhani. Kuna mabomba mawili ya chuma yaliyolala kutoka upande hadi upande, moja juu ya jingine. Ndani ya kila bomba limo tita la vyuma bapa vya springi, lililofungwa imara katikati kwa skrubu. Gurudumu likipanda jiwe, mkono wake unavisokota vyuma hivyo, navyo hupinga na kulirudisha. Anayetaka kushusha gari hulikata bomba katikati, hukizungusha kidogo kile kipande kinachoshika tita, kisha hulichomelea tena. Wengine huchomelea hapo kifaa chenye meno ili kimo kiweze kupandishwa na kushushwa. Mtindo huo ulivuma California, Marekani, tangu miaka ya 1960, na yeye aliuona pichani.

“Lakini ukikata huwezi kurudisha,” tulimwambia, bado tukiwa na hukumu yetu mfukoni.

Hapo akatuomba tumfuate stoo. Aliondoa turubai, akafungua gunia. Ndani yake ilikuwa ekseli ya mbele ya gari la marehemu, nzima, haijaguswa na msumeno, imepakwa grisi, boliti zake zimefungwa kwenye kitambaa. Ile aliyoikata aliinunua kwa mwenye vyuma chakavu. Ekseli yote, alisema, hufungwa kwenye chasisi kwa boliti kubwa nne. Siku mama akitaka, ya baba itarudi mahali pake.

Tukamwuliza mbona hakusema. Akatazama chini. “Baba, hukuniuliza.” Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyelibeba neno hilo siku nyingi: “Mzee hakuniruhusu kubadilisha hata taa ya gari hii. Nilitaka kitu kimoja ndani yake kiwe cha mkono wangu.”

Wapendwa, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inamhesabia kosa la hukumu ya haraka mtu anayekubali kuwa ni kweli, hata kimoyomoyo tu, ubaya wa jirani yake bila msingi wa kutosha. Namba inayofuata inatutaka tujitahidi kuyapokea kwa nia njema maneno na matendo ya wengine, na tusipoweza, tuwaulize. Tumezifundisha namba hizo katika semina za walei. Ila mbele ya gunia lile tulikuwa kama mtu asiyewahi kuzisikia.

Kijana alitukaribisha tujaribu gari. Tulipokuwa njiani alitusimulia jambo ambalo tumelitafakari tangu siku ile. Mara ya kwanza aliposhusha mbele bila kugusa nyuma, gari liliacha kushika njia. Usukani ukawa mwepesi mno. Upepo wa lori ulitosha kulisogeza, na nusura liingie mtaroni. Pua inapoinama, ekseli nayo huinama kwenda mbele, na magurudumu hupoteza ule mwegamo wa kuelekea nyuma unaoyafanya yarudi yenyewe kwenye mstari ulionyooka. Dawa yake ni ndogo: vipande vyembamba vya chuma vinavyopachikwa kati ya bomba la chini na chasisi, ili ekseli irudi kwenye mwegamo wake. Alivipachika, akaweka na shokapu fupi na tairi nyembamba zaidi ili zisisugue madigadi. Gari likatulia, ingawa sasa ni gumu na kila tuta linahesabiwa mgongoni.

Sisi mapadre tunafahamu kushuka. Tunapiga magoti, tunainama mbele ya altare, Alhamisi Kuu tunaosha miguu ya watu. Lakini tulitambua, tukiwa tumekaa kwenye kiti alichokalia marehemu, kwamba mtu anaweza kuinama sana na bado akayumbishwa na kila upepo: chozi la mama mmoja, utamu wa mfano mzuri wa mahubiri. Mtume Paulo anapowaandikia Wafilipi (Flp 2:5-8) habari za Kristo aliyejishusha, anasema pia alishuka kuelekea wapi: kwenye utii, hata msalabani. Kushuka kwake kulikuwa na mwelekeo. Kwetu sisi mwelekeo ulikuwa mlango wa gereji, mwendo wa dakika kumi kutoka parokiani, na hatukuufuata.

Tulimwomba msamaha pale pale barabarani. Aliitikia kwa kichwa tu. Dominika ya pili tulirudi kigangoni, na kwa kuwa kosa lilitendeka mbele ya watu, tuliwaambia watu wale wale kwamba tulihukumu bila kuuliza, na kwamba hakuna kitu cha marehemu kilichokatwa. Haikuwa rahisi. Baada ya misa mjane alikwenda stoo, akaliona gunia. Tumeambiwa alilishika muda mrefu bila kusema neno.

Hadi leo mama huyo hajakubali kupanda gari hilo. Masika yakianza, gari halifiki kigangoni. Huishia mwisho wa lami, na kijana hupanda mlima kwa miguu. Amerudi kanisani. Hukaa benchi la nyuma kabisa, na mahubiri yanapoanza hututazama sana, kama fundi anayesikiliza injini aliyoitengeneza wiki iliyopita. Tunakubali atutazame.

Juma hili, mpendwa msomaji, kama yupo uliyemhukumu bila kumwuliza, nenda umwulize. Usingoje shokapu yako ivuje.

Mungu awabariki nyote.

Ni sisi, Baba Paroko wenu.