Kuoanisha

Neno lenyewe niliandika mimi. Nilikaa nalo karibu nusu saa kwenye mkahawa mmoja pale Kilifi mjini, ule ambao ukinunua chai moja hawakufukuzi mpaka jioni, nikajaribu maneno manne, matano, nikayafuta yote. Mwishowe nikaandika: "kuoanisha rasilimali watu na vipaumbele vipya." Nikalisoma kwa sauti ndogo. Likasikika vizuri. Nikaendelea na aya iliyofuata.

Wiki sita baadaye shangazi yangu alisimama mbele ya watu thelathini hivi, karatasi mkononi, miwani imemteremka puani, akauliza: "Samahani, mkurugenzi. Hapa ukurasa wa saba. Kuoanisha ndiyo nini? Twaolewa, ama?"

Watu walicheka sana. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa sababu ile ile inayowatoa wengi, karo, na tangu hapo naishi kwa kuandika vitu vya watu. Maelezo ya vyumba vya hoteli za Malindi. Barua za kuomba kazi. Hotuba ya harusi, mara moja, na bwana harusi akaisahau nyumbani. Mwaka 2025 nikapata kazi ambayo kwangu ilikuwa kubwa. Shirika moja lililo chini ya chuo kikuu (silitaji) lilikuwa linaandika mpango mkakati wa miaka mitano, na likataka mtu wa kuandika kumbukumbu za vikao kisha kutafsiri muhtasari kwa Kiswahili, "ili kila mfanyakazi ahusike." Shirika lenyewe kazi yake ni kukipeleka chuo vijijini: kliniki za siku moja, mafunzo ya mbegu zinazostahimili kiangazi, masomo ya ziada kwa wanafunzi wa sekondari likizoni. Shangazi alikuwa mhamasishaji wao upande wa Ganze, miaka tisa. Ndiye aliyenidokeza kwamba wanatafuta mwandishi. Hakuna aliyeniuliza kama nina ndugu pale, nami sikusema.

Kikao kikubwa kilifanyika Watamu, siku mbili, ukumbi wa makuti unaotazama bahari. Walikuwepo mkurugenzi, wakuu wa vitengo, mtu wa fedha, wahadhiri wawili, na mshauri kutoka Nairobi aliyekuja na bunda la vikaratasi vya rangi vyenye gundi. Kutoka fildi hakuwepo mtu, isipokuwa dereva, na yeye alikaa nje chini ya mwarobaini. Asubuhi ya kwanza mshauri alituonyesha orodha ya hatua za mpango. Hatua ya tatu ilikuwa "ushirikishwaji wa wafanyakazi," na mbele yake palikuwa na alama ya vema, tayari.

Nilijua alama ile ilitoka wapi, maana nilikuwa nimeuona ushirikishwaji wenyewe kwa macho yangu. Ilikuwa ni kiungo kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp la kazini, fomu ya maswali arobaini kwa Kiingereza, mwisho wa kujibu Ijumaa. Shangazi aliifungua amesimama chini ya mbuyu mmoja karibu na Vitengeni, mahali ambapo mtandao hukubali, kwa bando la shilingi ishirini. Ilimuuliza anakubaliana na maono ya shirika kwa kiwango gani, moja hadi tano. Akabonyeza tano. Swali la pili, tano. Akabonyeza tano mpaka mwisho. Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia, "Sasa wewe, ile simu si ina jina langu?"

Siku ya pili alasiri, baada ya samaki wa kupaka, mtu wa fedha akawasha projekta. Na hapa niwe mkweli, shida yao haikuwa ya kubuni. Januari mwaka ule serikali ya Marekani ilikuwa imesimamisha misaada yake ya nje, na hata mashirika ambayo hayakuwahi kupokea dola moja kutoka huko yalijikuta yanagombania wafadhili wale wale na waliopokea. Bajeti ilikuwa imepungua. Kitu lazima kingetoka. Pendekezo lilikuwa wahamasishaji watoke, kutoka wanne kwa kila wadi hadi mmoja, mikataba itakapoisha. Mhadhiri mmoja aliuliza kama watu wenyewe wanajua. Mkurugenzi akasema watajulishwa wakati mwafaka, tusiwatie wasiwasi mapema. Mshauri akabandika kikaratasi cha njano kilichoandikwa "mawasiliano" kwenye ukuta, ukaja upepo wa bahari ukakiangusha. Hilo halimo kwenye kumbukumbu zangu, lakini mengine yote nimeyaandika.

Nilikuwa nimetia sahihi karatasi ya kutunza siri. Ukurasa mmoja.

Kutoka pale Watamu, ukivuka hori ya Mida, ndiko iliko Uyombo, ambako mwaka 2024 watu waliandamana kupinga mtambo wa nyuklia, na moja ya malalamiko yao makubwa ilikuwa kwamba hawakuhusishwa ipasavyo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 10, inataja ushirikishwaji wa wananchi kati ya maadili ya taifa, na ndiyo maana siku hizi Kenya hakuna mpango usio na ile alama ya vema. Kila mtu anashirikisha, wengi wao mambo yakishaamuliwa.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Ganze. Shangazi alikuwa amepika sima na mchunga, na akanichinjia kuku kwa sababu nilikuwa nimepata kazi. Tukala. Kisha akauliza, "Haya, huko Watamu mlikuwa mwasema nini?"

"Mambo ya ofisi tu, shangazi."

"Ya ofisi gani? Sisi pia tuna ofisi?" Akacheka. Akanionyesha mahali ambapo makuti ya nyumba yameoza, upande wa jikoni, akaniambia chama chao kimekubali kumkopesha, anataka kuweka mabati kabla ya mvua. Mkataba wake ungeisha mwisho wa Juni lakini huwa wanafanya upya kila mwaka, kwa hivyo deni angelilipa polepole. Alikuwa anapiga hesabu kwa vidole, ananitazama mimi niliyefika chuo nimthibitishie hesabu.

Nikamwambia hesabu iko sawa. Kama hesabu, ilikuwa sawa.

Nimejaribu mara nyingi kuiandika ile dakika kwa namna inayonipa nafuu, haikubali.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mtu aliyejua vizuri kuliko wote namna ya kuwapa watu habari alikuwa yeye. Kilifi hii ina uzoefu mrefu wa mambo hayo. KEMRI na washirika wake wa Wellcome wako hapa tangu 1989, na kwa miaka mingi wamekuwa na wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wanakijiji wenzao, wa kusikia tafiti zinazokuja na kurudisha maoni ya mtaa. Mashirika madogo yamejifunza humo humo kwamba huingii kijijini na mikoba yako tu. Unamwona chifu, unamwona mzee wa mtaa, unaitisha baraza. Na katika shirika letu, mwenye kusimamisha mabaraza hayo alikuwa shangazi. Nilipokuwa mdogo nilimfuata mara kadhaa likizo. Alikuwa na taratibu zake. Anakwenda kabla jambo halijakauka, maana likishakauka watu wanajua wameitwa kupiga makofi. Anaanza kwa kusema asilolijua: "Tarehe sijaambiwa. Pesa sijaambiwa. Nikiambiwa nitakuja." Na anarudi. Hata akiwa hana jipya anarudi, anasimama chini ya mti, anasema, "Nimekuja kuwaambia bado," halafu anaondoka. Nilikuwa naona ni kupoteza nauli. Siku moja akanieleza kwamba asipokwenda yeye na hilo "bado," atakwenda mwingine na uongo.

Basi, kwa wafanyakazi akaenda mwingine. Dereva hakuwa muongo, lakini chini ya mwarobaini ule alisikia nusu. Ndani ya wiki, kundi la WhatsApp lisilo la kazini (kila ofisi inalo) lilikuwa limejaa. Mara shirika linauzwa. Mara ofisi inahamia Mombasa. Mara watabaki wenye digrii peke yao. Mhamasishaji mmoja wa Bamba akaacha kupeleka ripoti, akaanza biashara ya mkaa. Mwingine akaacha kuwatembelea wakulima wake, kwa nini achome petroli yake? Ofisini wakaliona hilo, wakaliandika kama ushahidi kwamba wahamasishaji hawana tija. Niliiona ripoti hiyo. Niliitafsiri pia.

Shangazi alikataa kusadiki uvumi. Alisema angesikia kutoka kwa wenyewe. Mabati yakapanda.

Mkutano wa wafanyakazi wote ulikuja mwishoni mwa Mei. Muhtasari wangu uligawiwa, umepigwa chapa vizuri, jalada la buluu. Ndipo akasimama na ukurasa wa saba.

Kicheko kilipoisha, mkurugenzi akaanza kueleza, akasema "kuoanisha ni kuleta ulinganifu," akaona nyuso, akasimama. Kwa haki yake, hakujificha. Akavuta kiti akaketi, akasema kwa Kiswahili cha kawaida kwamba kazi za wahamasishaji watatu katika kila wanne zitakwisha Juni. Kimya. Shangazi hakukaa. Akageuza kijitabu akasoma tarehe iliyoandikwa chini ya jalada kwa herufi ndogo, tarehe ya kikao cha Watamu, akahesabu kwa vidole kama alivyohesabu deni. "Wiki sita," akasema. "Mmejua wiki sita." Mkurugenzi akajibu kwamba hawakutaka kuwatia watu wasiwasi. Halafu, sijui ni kwa woga au kwa adabu, akaona ashukuru kila aliyefanikisha kijitabu, akataja jina langu, akanionyesha kwa mkono pale mlangoni.

Shangazi akanitazama. Si kwa muda mrefu.

Tulipanda matatu moja kurudi, hakuna nyingine ya upande ule saa ile. Tulipofika karibu na Jaribuni ndipo akasema, bila kunigeukia, "Ungeniambia nisikope. Basi. Usiniambie mengine yote, uniambie nisikope."

Nikamwambia kuhusu ile karatasi niliyotia sahihi.

"Mimi pia nilisaini, mwanangu. Miaka tisa nimebeba magonjwa ya watu wa Ganze nzima na hujasikia hata moja. Ile ni siri yao, mimi nimewekewa. Hii yenu ilikuwa siri juu yangu."

Sikuwa na jibu, na sasa pia sina.

Baadaye nilisoma Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, kwa sababu nilitaka kumletea kitu. Mwajiri anayepunguza watu anatakiwa kutoa notisi ya angalau mwezi mmoja, na kulipa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa kazi. Lakini mikataba ya mwaka mmoja mmoja ina ujanja wake: anayefutwa yupo, aliyeisha mkataba ameisha tu. Nilimpelekea hata hivyo. Alikunja karatasi akaiweka ndani ya Biblia.

Lakini mkutano ule haukuishia pale. Baada yake, kwa shinikizo la wahamasishaji, mkurugenzi alifungua sura ile kwa wiki mbili, kwa mdomo, kwa Kiswahili, wadi kwa wadi. Ile ndiyo kazi iliyopaswa kufanywa Machi. Na yakatoka mambo ambayo ukumbi wa Watamu haungeyajua kamwe: kwamba mvua ikinyesha huwezi kuhudumia wadi ya Bamba peke yako kwa pikipiki moja, kwamba kuna wahamasishaji waliokuwa tayari kugawana siku, watatu mapato ya wawili, kwamba kliniki mbili za Sokoke zilikuwa zinapangwa siku moja na gulio, ndiyo maana hakuna aliyekwenda. Nafasi zikawa mbili kwa kila wadi. Kugawana siku kulikataliwa, mtu wa fedha alisema mfumo wa mishahara hauruhusu. Kila anayetaka kubaki angeomba upya.

Nikaletewa muhtasari niurekebishe. Ukurasa wa saba nikafuta kuoanisha, nikaandika "kupunguza wafanyakazi." Barua pepe ikarudi siku hiyo hiyo, ya upole kabisa, ikiuliza kama hakuna neno laini kidogo. Nikajibu kwamba lilikuwepo, tukalitumia, likahitaji mkutano mzima kulieleza. Hawakuandika tena. Malipo yangu yalichukua miezi mitatu, pengine ni bahati mbaya tu.

Nilimpelekea shangazi nakala mpya mwenyewe. Aliisoma ameketi mlangoni, chini ya mabati ambayo amebakisha malipo ya miezi saba, kidole kikifuata mstari. Alipofika ukurasa wa saba alisoma mara mbili.

"Hii naielewa," akasema.

Kisha akaingia ndani, akatoka na simu yake, akanipa. Fomu ya kuomba nafasi ilikuwa ya mtandaoni, kwa Kiingereza, mwisho Ijumaa. Tukaenda nayo mpaka kwenye mbuyu.