Ufundi wa Litowa

Ukiwatajia vijana wa Songea jina la Litowa, wengi wanadhani ni kijiji kama vijiji vingine. Sisi tuliokuwepo miaka ya sitini tunalikumbuka kwa jambo moja geni: watu walikwenda kazini alfajiri bila mnyapara, na mwisho wa mwezi ukifika hakuna dirisha la kupangia foleni ya mshahara.

Kilianzishwa na vijana wa TANU Youth League. Walikwenda mara ya kwanza mwaka 1960, njaa ikawarudisha. Wakarudi 1961, safari hii wakashika. Aliyewaongoza alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Mwaka 1963 akahamia Mwingereza, Ralph Ibbott, na mkewe Noreen na watoto wao, wakakaa pale pale kijijini. Kijiji kimoja kikavuta vingine hadi vikafika 17, vyote chini ya Ruvuma Development Association, sisi tukisema RDA tu. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Ujamaa Vijijini mwaka 1967, tulilisoma kama mtu anayesoma barua ya jirani inayoeleza mambo ya nyumbani kwake.

Mimi nilifika 1965. Nilimaliza darasa la nane, sikuchaguliwa kuendelea, na baba hakuwa na ng'ombe wala duka la kunirithisha. Nikapangwa kwenye tumbaku. Tumbaku ya kule ilikaushwa kwa moshi, na ukikesha unachochea kuni kwenye bani, asubuhi macho yamevimba kama umepigwa. Kazi ile sikuipenda, nasema wazi. Jioni nikawa nakwenda kukaa penye mashine ya kusaga.

Ilikuwa ya injini ya dizeli, ya kuwashwa kwa hendeli. Unainua kile kijiti cha kuachia mgandamizo, unazungusha gurudumu mpaka lishike kasi, halafu unakiangusha. Injini inakohoa, inatema moshi, inakamata. Ikikataa, hendeli inarudi kinyume na inaweza kukuvunja mkono. Siku niliyoomba kujaribu, fundi hakuniuliza cheti wala mjomba wangu ni nani. Alinishika mkono, akahamisha dole gumba langu likalala upande mmoja na vidole vingine. "Ndugu," aliniambia, kwa kuwa hata mtoto wa juzi aliitwa ndugu siku hizo, "ukiizungushia hendeli kidole hiki, siku moja utakiacha hapa." Mpaka leo nikimwona kijana ameshika hendeli vibaya, mkono wangu unakwenda wenyewe kumrekebisha.

Baadaye nimefanya kazi katika gereji za watu, nikaona tofauti. Huko spana boi anaosha vyuma kwa mafuta ya taa miaka nenda rudi, maana mwenye gereji anaogopa hasara, na fundi mkuu anaogopa kunyang'anywa ugali wake. Akifika mahali pa siri anakutuma maji. Litowa fundi hakuwa na ugali wa kunyang'anywa. Ghala lilikuwa la wote, na heshima yake ilikuwa kuacha nyuma watu wanaojua. Kwa hiyo nilifungua nozeli mapema kuliko inavyostahili. Nilijifunza kukata gasketi kwa karatasi la boksi: unalilaza juu ya chuma, unagonga ukingo taratibu kwa kichwa cha duara cha nyundo mpaka chuma chenyewe kikate umbo lake. Spea kutoka Dar es Salaam zilichelewa mno, na barabara ya masika mnaijua au mmesimuliwa.

Wanaosifia kujitolea huwa wanasahau ghala. Mimi niliweza kujitolea kwa sababu nilikula. Mahindi na maharage yalikuwepo, wagonjwa walitazamwa, watoto walisoma katika shule ya kijiji iliyoongozwa na Suleman Toroka. Leo hapa Songea nawajua walimu vijana wanaojitolea mashuleni mwaka baada ya mwaka wakisubiri ajira, nauli wanatoa mfukoni mwao. Huko nako kunaitwa kujitolea. Mimi naona ni kitu kingine.

Mjukuu wangu naye ana kujitolea kwake. Usiku anakaa na kompyuta anachora barabara na vijiji kwenye ramani ya OpenStreetMap, pamoja na watu asiowahi kuwaona. Mama yake analalamika kuhusu bando. Mimi niliposikia kwamba Dar es Salaam, mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo pamoja na wenyeji wa mitaa walichora hivyo hivyo maeneo ya mafuriko katika mradi wa Ramani Huria, nikamwambia mama yake amwache. Kijana anarekebishwa kazi yake na watu wanaoijua, na kila mstari aliochora unabaki na jina lake. Gereji gani ya hapa mjini itampa hilo?

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja RDA. Mashine, kiwanda cha mbao na karakana vikachukuliwa, wageni wakaondoka, walimu wakahamishwa. Kuna vitabu vimeandikwa juu ya sababu zake. Mimi nilikuwa kijana mwenye sanduku moja na mikono yenye grisi.

Gereji ya kwanza niliyobisha hodi waliniuliza cheti. Sikuwa nacho, nikageuka. Kazi ilinijia kwa njia nyingine. Watu wa vile vijiji 17 walikuwa wametawanyika, huyu yuko ushirika, yule amepata ukarani, mwingine amefungua kimashine chake huko Namtumbo. Injini ikikorofisha walisema: mtafuteni yule kijana wa Litowa. Vijiji vya ujamaa vilipoenea miaka ya sabini, kila kijiji kikitaka mashine ya kusaga, nilikuwa nalala nyumbani kwangu kwa nadra. Jaribio la ufundi nililifanya baadaye sana, nikiwa nimeshawafundisha wawili kati ya wale niliokaa nao chumba kimoja cha mtihani. Nikapata ajira, nikasomesha watoto.

Nilipostaafu, karani kijana alinijazia fomu ya mafao. Akauliza nilianza kazi lini. Nikasema 1965. Mwajiri? Nikamwambia hapakuwa na mwajiri, tulikuwa tunajitolea. Akatazama fomu, akanitazama, akasema mzee, hapa hakuna kisanduku cha namna hiyo. Nikamwomba basi aandike fundi. Akaandika mkulima.