Vuta Wewe Kwanza, Mimi Nitashika



Leo sina mahubiri marefu. Nina ushuhuda, na sehemu yake moja inanihukumu mimi mwenyewe mchungaji wenu. Niliomba ruhusa kwa akina mama wawili wanaohusika. Wakaniambia, "Andika Pasta, watu wapone, ila usitutaje majina." Basi sitawataja.

Fungua Biblia yako 1 Mambo ya Nyakati 15:22. Daudi analeta sanduku la agano Yerusalemu kwa shangwe. Katikati ya makuhani, mabawabu na wapiga tarumbeta, anatajwa mtu mmoja anayeitwa Kenania, Mlawi, aliyewekwa kusimamia uimbaji na kuwafundisha wengine. Sababu inayotolewa ni moja tu: alikuwa anaijua kazi yake. Nilipokuwa chuo cha Biblia niliusoma mstari huo nikaupita. Haukuwa kwenye mtihani. Miaka mitatu iliyopita Mungu alinirudisha pale, na mwalimu aliyenitumia hakufika hata kidato cha kwanza.

Wengi wenu mnajua kwaya yetu hufanya mazoezi Jumamosi saa tisa, hapa kanisani Mishomoroni, chini ya mabati. Mnaolijua joto la Februari huku Kisauni mnanielewa. Mwalimu wa kwaya ni fundi cherehani. Anakuja na futi ya kupimia nguo ikiwa bado inaning'inia shingoni. Adhana ya alasiri ikianza msikiti wa jirani, anashusha mikono na kuwaambia wanakwaya, "Jirani anaongea, tumsikilize amalize." Adhana ikiisha, anainua mikono tena. Zamani nilidhani anapoteza muda. Sasa najua alikuwa anafundisha.

Tazama wanaosimama mbele yake. Kuna Mgiriama, Mkamba, Mtaita, Mluo, Mluhya na kijana mmoja Mpokomo. Mmoja ni dereva wa tuktuk, mwingine anasukuma mkokoteni wa maji, mwingine ni karani bandarini. Mtaa wetu ni wa wapangaji. Mtu anaweza kukaa ploti moja na mwenzake miaka minne, wakichota maji bomba moja, asijue jina lake.

Jambo hili si geni upande huu wa bahari. Ukitoka kwetu kwenda mjini, kabla hujafika daraja la Nyali unapita Kengeleni. Mahali pale pameitwa hivyo kwa sababu ya kengele ya Freretown, makao ambayo wamisionari wa CMS walianzisha miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Waliokaa pale walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine, watu waliong'olewa kwao na kutupwa ufuoni kwetu. Kengele iliwaita ibadani, na iliwatahadharisha hatari ya kukamatwa tena ilipokuja. Hawakuwa na ukoo mmoja. Walijifunza kuwa watu mamoja kwa kuitika pamoja. Mimi naona kwaya inafanya kazi ileile.

Sasa nije kwa wale mama wawili.

Mmoja anauza mahamri na mbaazi asubuhi. Mwingine anauza mitumba soko la Kongowea. Wote ni sauti ya pili, yaani alto, na walikuwa marafiki wa kuazimana chumvi na kuachiana watoto. Walikuwa pia kwenye chama kimoja cha mzunguko. Wanachama kumi na wawili, kila mmoja shilingi 2,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea shilingi 24,000. Mama wa mitumba ndiye alikuwa mweka hazina.

Ikafika zamu ya mama wa mahamri. Alikuwa ameshapanga kila shilingi. Binti yake alikuwa ameitwa chuo, na zile pesa ndizo za kumsajili. Siku ilipofika, hazikuwepo. Mwenzake alikuwa amezichukua kununua beli la nguo, akihesabu kwamba atauza na kurudisha kabla ya siku. Beli likafunguliwa, ndani mna matambara. Binti akakosa nafasi muhula ule.

Wapendwa, hayo si maneno ya kupita tu. Kuna mama aliyemwona mtoto wake akikunja nguo alizokuwa amezipanga kwenye sanduku, akizirudisha kabatini.

Niliwaita ofisini. Na hapa ndipo ninapojishtaki. Kabla hawajaketi, mimi nilikuwa nimeshaandika barua: mama wa mitumba asimame kando na kwaya mpaka alipe deni lote. Nilijiambia kwamba ninatunza utakatifu wa madhabahu. Ukweli ni kwamba watu walikuwa wameanza kunong'ona, nami nilitaka kanisa lionekane safi Jumapili.

Nikampelekea Mwalimu ile barua kwake cherehani. Akaisoma polepole, akaikunja, akanirudishia. Akasema, "Pasta, alto ninao watatu tu, na wawili ni hawa. Ukimtoa huyu, deni litabaki palepale, ila sauti itakuwa imeondoka. Hebu niachie kidogo."

Nikamwambia basi angalau uwatenganishe, mmoja akae huku na mwingine kule. Akasema hapana. Jumamosi iliyofuata aliwapanga bega kwa bega.

Kisha akawapa karatasi moja ya solfa washike wote wawili. Kwetu ni kawaida, kwa sababu kutoa nakala ni pesa, kwa hiyo karatasi moja hutumiwa na watu wawili. Na niwaambie kidogo kuhusu zile do, re, mi. Mwalimu mmoja mwanamke wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, ndiye aliyebuni njia ya kuandika sauti kwa herufi. Mchungaji mwenzangu, John Curwen, alipewa mzigo mwaka 1841 kwenye mkutano wa walimu wa shule za Jumapili, atafute njia rahisi ya kufundisha watu kuimba. Akaichukua njia ya yule mama, akaiboresha na kuieneza, na wamisionari wakaileta Afrika. Ilitengenezwa ili mtu wa kawaida, asiye na piano nyumbani, aweze kusimama na wenzake na kuimba sauti yake. Ndiyo maana fundi cherehani wa Mishomoroni anaweza kuiandika kwa mkono juu ya karatasi, na muuza mahamri akaisoma.

Basi wale mama wakashika karatasi moja. Wiki tatu mama wa mahamri aliishika kwa ncha ya vidole viwili, kama mtu aliyeshika samaki aliyeoza. Hawakutazamana wala kusalimiana. Mwalimu hakuwahubiria hata neno moja. Alikuwa anasimamisha wimbo tu na kusema maneno ambayo huwaambia wote: "Ukijisikia peke yako, umepaza mno. Ukimsikia jirani tu, wewe umelala. Nataka umsikie jirani na ujisikie."

Ndipo ikaja Jumamosi ambayo sitaisahau. Yule alto wa tatu alikuwa amekwenda matangani Kaloleni, wakabaki wawili. Na wimbo wenyewe ulikuwa na mahali pagumu: sauti nyingine zinatembea, lakini alto wanashika noti moja mapigo kumi na mawili, polepole. Hakuna mapafu ya mtu mmoja yanayoiweza ile bila kukatika. Wanaoongoza kwaya wanajua dawa yake. Waimbaji hupokezana pumzi. Mmoja akivuta hewa, mwenzake anashika sauti. Kisha huyu anarudi taratibu, na yule naye anapumua. Msikilizaji anasikia uzi mmoja usiokatika. Lakini lazima wapatane nani avute lini. Wakivuta pamoja, wimbo unazama.

Mwalimu akawaeleza hivyo. Akasema, "Pangeni wenyewe wawili." Kisha akawapa mgongo, akaenda kushughulika na besi.

Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma naandaa ujumbe wa Jumapili. Kalamu ikasimama. Kukawa kimya kwa muda. Halafu mama wa mitumba, akiitazama karatasi, akasema kwa sauti ya chini, "Vuta wewe kwanza, mimi nitashika."

Yule aliyeshindwa kushika pesa ndiye aliyesema, mimi nitashika.

Mwenzake akanyamaza. Nilidhani ataondoka. Kisha akasema, "Haya. Halafu pale pa pili unavuta wewe." Hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyosemezana baada ya miezi miwili.

Wakaimba. Noti haikukatika.

Mazoezi yalipoisha niliwaona wamesimama mlangoni. Sikusogea karibu, lakini baadaye waliniambia wenyewe. Mama wa mahamri aliuliza, "Na ile pesa yangu?" Mwenzake akajibu kwamba anaweza shilingi 1,500 kila mwisho wa mwezi. Ilichukua miezi kumi na sita. Mwezi mmoja alichelewa, wakakwaruzana tena, na Jumamosi ile bado walishika karatasi moja. Deni liliisha mwaka jana. Binti alianza chuo akiwa amechelewa, na muhula uliopotea haukurudi. Sitawadanganya kwamba wale mama ni marafiki kama zamani. Chumvi bado hawajaazimana. Lakini wanaongea, na mzigo umetoka shingoni mwa wote wawili.

Sasa sikia jinsi Neno lilivyonikamata. Mathayo 18:15, Bwana Yesu anasema ndugu yako akikukosea, mwendeeni kwanza mkiwa wawili tu. Mashahidi wanakuja baadaye, na kanisa baadaye zaidi. Mimi mwenye cheti cha chuo cha Biblia niliruka hatua ya kwanza, nikaenda moja kwa moja kwenye barua. Fundi cherehani hakutaja mstari wowote, lakini aliutii. Aliwatengenezea mahali pa kuwa wawili, kisha akageuza mgongo.

Mwongoza kwaya, wapendwa, ndiye mtu pekee pale mbele asiyetoa sauti. Mtazameni Mwalimu Jumapili. Kabla ya neno la kwanza anainua mikono, na kwaya nzima inavuta pumzi. Kazi yake kubwa inafanyika pale, kabla hamjasikia chochote. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, walichapisha utafiti wa waimbaji waliopimwa mapigo ya moyo wakati wakiimba. Waliona mioyo ya wanaoimba pamoja ikienda kasi na kupungua kasi kwa pamoja, kwa sababu wimbo unaipangia pumzi. Nilipolisoma nilisema Haleluya. Kisha nikakumbuka 2 Mambo ya Nyakati 5:13. Waimbaji na wapiga tarumbeta walipokuwa kama mtu mmoja, kwa sauti moja, ndipo nyumba ikajaa wingu la utukufu.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi wimbo unafuta deni. Zakayo alipompokea Yesu alirudisha mali za watu, tena kwa kuzidisha. Na sisemi mtu anayepigwa au kudhulumiwa nyumbani alazimishwe kukaa karibu na anayemuumiza. Huyo njoo uniambie, tutafute usalama wako kwanza. Nasema habari za sisi ambao tumekosana kwa pesa, kwa maneno, kwa kura, kwa mipaka ya ploti, na tumezoea kuhama benchi ili tusikaribiane. Tunahama benchi, tunahama huduma, mwisho tunahama kanisa, na kila tunakofika tunabeba deni lilelile.

Ile barua bado ninayo. Nimeiweka ndani ya Biblia yangu, kwenye ukurasa wa Kenania, ili nikiona nataka kutoa hukumu kabla ya kusikiliza, nikutane nayo.

Swali langu kwako leo: ni nani ambaye hamsemezani, na kuna kitu gani kidogo mnachoweza kushika pamoja? Huenda si maombi ya kufunga siku saba. Huenda ni sufuria ya pilau kwenye harusi ya jirani, au kufagia kanisa zamu moja. Anzia hapo. Maneno yatakuja.

Na kama hujawahi kuimba, Jumamosi saa tisa njoo. Mwalimu hatakuuliza kabila wala hatakupima sauti mlangoni. Atakuuliza tu kama unaweza kumsikiliza mwenzako. Sasa hivi alto wamefika watano, lakini besi tunaumia, kina baba mko wapi?

Tuombe. Baba, nisamehe pale nilipopenda kuonekana safi kuliko kuponya. Mponye anayedai na anayedaiwa. Tupe pumzi yako, na mmoja wetu akiishiwa, umpe mwenzake nguvu ya kushika mpaka arudi. Katika jina la Yesu, Amina.

Mchungaji wenu, Mishomoroni. Mbarikiwe, tuonane Jumamosi.