Changarawe si Kokoto

Lugha yetu imezipanga punje za ardhi kwa ukubwa: tope, mchanga, changarawe, kisha kokoto. Mpango huo si pambo. Hapa Nyamwage, kusini mwa Daraja la Mkapa, mjukuu wangu ataka kufuga samaki katika tangi la kioo lenye mimea hai, naye asema chini tutandaze “mawe madogo”. Mawe yapi?

Tope na mchanga laini hushikamana. Maji yasipopenya, mizizi huoza. Katika kokoto, mabaki ya chakula huzama mianyani yakachafua maji, na mche hukosa pa kushika. Changarawe ndogo, ya milimita 1 hadi 3, hushika mzizi na kupitisha maji. Ioshwe mpaka maji yatoke safi. Ile ya pwani yenye vipande vya kombe hutoa chokaa. Idondoshee siki, na ikitoa povu, iache.

Wapenzi wa lugha, aitaye vyote “mawe madogo” ataokota chochote, na atakayeumia ni samaki asiye na ulimi wa kulalamika. Tuwarithishe watoto neno changarawe pamoja na changarawe yenyewe viganjani.