Kuziba Pembe za Bafu

Katika vitu viharibuvyo nyumba, moto huogopwa na watu wote kwa kuwa una mwanga na kelele. Maji hayaogopwi. Huingia kimya, hukaa gizani, hufanya kazi usiku na mchana, na siku yanapojulisha kuwapo kwake madhara yamekwisha kutendeka. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nataka kukuonyesha, msomaji wangu, ya kuwa methali hii ina ukweli wa mkono na jicho, si wa ulimi tu. Nami nitautafuta ukweli huo mahali ambapo waandishi hawaendi sana, yaani katika pembe za bafu.

Mimi ni mkazi wa Embu, upande wa kusini mashariki wa Mlima Kenya. Nchi hii, pamoja na jirani yake Meru, hupata mvua mara mbili kwa mwaka: tangu Machi hata Mei, na tangu Oktoba hata Desemba. Baina ya mvua hizo, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, ukungu hushuka mlimani na jua huweza kufichika siku nyingi. Nguo iliyoanikwa asubuhi huanuliwa jioni ingali mbichi. Ikiwa nguo, iliyo nyepesi, haikauki, ukuta ulionywa maji utakauka lini?

Mama yangu, mwenye umri mkubwa na kifua dhaifu, aliondoka kijijini akaja kukaa nasi. Chumba chake kilipakana na bafu, ambalo kuta zake na sakafu yake zilikuwa zimepambwa kwa vigae vyeupe. Kazi hiyo ilipendeza macho ya kila mgeni. Lakini mwezi wa Julai, mwaka wa pili, doa jeusi lilitokea chini ya ukuta wa chumba cha mama. Kwanza lilikuwa kama kiganja. Baada ya majuma machache likawa kama mkeka. Kuvu ikaota, chumba kikanuka, na kikohozi cha mama kikazidi kila usiku. Tulipompeleka kwa daktari, alituuliza habari za chumba kabla ya kutuandikia dawa. Alisema kuwa hewa ya chumba chenye unyevu na kuvu ni adui wa kifua kigonjwa.

Jirani mmoja alitushauri tupake ukuta rangi mpya. Mama aliposikia alisema, "Mwanangu, kidonda hakifungwi kitambaa na usaha ungali ndani." Tukamwita fundi mwingine.

Fundi huyu hakuanza kwa nyundo. Alianza kwa kufikiri. Alifunga mabomba yote, kisha akaitazama mita ya maji kwa muda wa saa nzima. Haikusogea. Akasema, "Mwalimu, bomba halina kosa. Maji haya hutoka mtu anapooga." Ndipo akagonga vigae kimoja kimoja kwa kidole. Vya katikati vilijibu kwa sauti nzito. Vya pembeni vilijibu kwa sauti ya kitu kitupu. Akamulika taa, akatuonyesha ufa mwembamba kama unywele, ukifuata pembe ya kuta mbili na kushuka mpaka ukuta unapokutana na sakafu.

Huenda ukauliza, kwa nini ufa ulichagua pembe? Sababu ni hii. Kila ukuta hujongea kidogo, ingawa jicho halioni. Hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Na katika baridi ya Julai, mtu afunguapo maji ya moto, vigae hupata joto na kupoa kila siku. Ukuta mmoja huenda huku na mwenzake kule. Wanapokutana ndipo palipo na mvutano. Vijia baina ya vigae vya ukuta mmoja hufaa kujazwa saruji nyeupe, kwa maana vigae hivyo husafiri pamoja. Lakini saruji ikikauka ni kama jiwe: haijui kunyumbuka. Ikiwekwa pembeni hupasuka. Wajenzi wa reli wa zamani walilijua jambo hili, wakaacha nafasi ndogo baina ya vyuma ili visisukumane wakati wa jua kali. Asiyeacha nafasi ya kujongea, nafasi hujitengeneza yenyewe.

Hekima ya kuziba si ngeni kwetu. Katika nchi kavu ya Mbeere na Tharaka, watu hutundika mizinga ya magogo mitini. Nyuki wakiingia hawaridhiki na kazi ya mwanadamu; hukusanya utomvu wa miti, wakaufanya gundi, wakaziba kila ufa. Katika pwani, waashi wa kale walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakazipaka kuta za nyumba za mawe.

Dawa ya pembe zetu ilikuwa silikoni, ambayo asili yake yatoka katika mchanga, na ambayo jina lake ililipata kwa mwanakemia Mwingereza, Frederic Kipping. Sifa yake ni kwamba hushika kama gundi na kuvutika kama mpira. Lakini fundi alitukataza kuitegemea peke yake. Alivibandua vigae vilivyolegea, akaacha ukuta ukauke siku nyingi, nasi tukioga kwa beseni uani. Kisha akapaka nyuma ya vigae dawa nzito izuiayo maji, tabaka mbili, akaipandisha kutoka sakafuni mpaka ukutani bila kukatiza pembeni. Ilipokauka akaziba tundu la kutolea maji, akajaza sakafu maji, akayaacha mpaka kesho yake. Kimo chake hakikupungua. Ndipo akarudisha vigae, akajaza saruji nyeupe katika vijia vyote, ila pembe akaziacha wazi.

Kazi ya mwisho ilihitaji usafi kuliko nguvu. Alikwangua pembe kwa kisu, akazifuta kwa spiriti, akangoja zikauke, kwa kuwa silikoni haishiki penye sabuni, vumbi, maji, wala juu ya silikoni kuukuu. Akabandika utepe wa karatasi kila upande, akaikamua silikoni kwa mkono usiositasita, akailainisha kwa kidole kilicholoweshwa, akauondoa utepe kabla haijaganda. Bafu lilinuka siki. Akatuamuru tusioge humo kwa muda wa saa 24.

Ukuta wa mama haukukauka mara moja. Ulingoja jua la Septemba. Tuliikwangua kuvu, tukapaka chokaa, mama akarudi chumbani mwake. Kikohozi hakikuisha chote, kwa maana uzee nao una kikohozi chake. Lakini usingizi wake ulirudi.

Gharama ya silikoni ilikuwa ndogo sana kando ya gharama ya vigae, ukuta na dawa za kifua. Basi, msomaji, uingiapo katika nyumba uliyojengewa, usisifu katikati ya ukuta kabla hujatazama pembe zake. Ukiona weusi usiofutika, au ufa, au silikoni iliyobanduka, usiifunike. Iondoe yote, kausha, ziba upya. Na kama siku moja wewe ndiwe utakayeshika chombo, kumbuka ya kuwa nyuma ya ukuta unaoujenga huenda akalala mtu usiyemjua. Yeye hatakiona kigae chako. Ataivuta hewa ya kazi yako.